Mwanamke Hapandi Mti

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu mama alipomwua baba kwa jembe. Ndivyo nilivyoamini, kwa moyo wangu wote, wala sikumchukia kwa hilo. Nilimwonea huruma tu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajui. Alichimba shimo uani, akapanda mche, akaumwagia maji, kisha akaingia jikoni kupika posho huku akiimba. Kukhu, bibi yangu, alikuwa amekaa mkekani. Akanivuta mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Keji, baba yako amekwisha."

Lazima nieleze nyumba yetu ilivyokuwa, maana hata sisi wenyewe ilitutatiza. Kukhu alikuwa mama mzazi wa baba, Mbari, yaani mtu wa kabila la Bari, wa hapa hapa Juba. Vita vilimkimbiza na mtoto mgongoni hadi Kenya, akaishi Kitale kati ya Wabukusu miaka mingi kiasi kwamba aliporudi alikuwa akiwasalimu watu kwa lugha ya kule na kushangaa hawaitikii. Hata hilo neno Kukhu ni la Kibukusu, ndivyo wanavyomwita nyanya. Baba alikulia Kitale, akawa dereva wa lori. Mama ni Mganda, Mlugbara wa upande wa Arua. Walikutana katika safari za baba. Mimi nilizaliwa Kitale, na amani ilipokuja tukahamia Juba sote, tukapanga na baadaye tukapata kiwanja mtaa wa Mauna. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ambayo sote tungeweza kugombana kwayo. Cha baba na Kukhu kilikuwa cha Kenya. Cha mama kilikuwa kile cha "mimi iko", na Kukhu hakuchoka kumcheka.

Mama alipata kazi katika bustani ya zamani karibu na mto, ile ambayo watu waliiita Jenena tu, yaani bustani, kana kwamba mji mzima hauna nyingine. Na kweli haukuwa na nyingine kama ile. Ilipandwa enzi za Waingereza, na wanasema miche ililetwa kwa meli za mvuke ikipanda Nile, kila mche kwenye kasha lake, mmoja kutoka Bara Hindi, mwingine kutoka visiwa nisivyovijua. Kulikuwa na njia ya mikangazi mikubwa ambayo matawi yake yalishikana juu, hata saa saba mchana ukipita chini unahisi umeingia chumba chenye maji ya baridi. Kulikuwa na mitiki, mianzi iliyokuwa ikilia upepo ukipita, na bwawa la mayungiyungi lililobaki tope na vyura. Kila mti wa zamani ulikuwa umepigiliwa kibati chenye jina lake kwa Kilatini. Mingine ilikuwa imekimeza kibati chake. Gome limekua juu yake, likabaki herufi moja au mbili zikichungulia.

Vita vilipita juu ya bustani ile kama vilivyopita juu ya kila kitu. Askari walikata kuni, mbuzi walikula maua, watu waliokosa pa kulala walilala humo. Lakini iliishi. Mimi nilikuwa nikitoka shule naenda huko kumngoja mama amalize kufagia majani na kumwagilia kitalu, na sijui kama nimewahi kupenda mahali pengine hivyo. Katika mji wa vumbi jekundu na jenereta, kulikuwa na mahali ambapo mtu angeweza kusikia jani likianguka.

Mti uliokuwa maarufu kuliko yote ulikuwa mmoja peke yake, karibu na ukuta wa nyuma. Watu waliuita Abu Dana, baba wa makombora. Maua yake hayatoki kwenye matawi. Yanatoka kwenye shina lenyewe, makubwa, mekundu yenye waridi ndani, na harufu yake ni ya manukato ya harusi. Kisha yale maua yanageuka kuwa matunda ya mviringo, mazito, ya rangi ya kutu, na tunda likianguka ardhi inatoa mshindo mzito, halafu linapasuka na kunuka kama kitu kilichokufa. Hebu fikiria mti wa namna hiyo katika mji uliopigwa mabomu. Hakuna askari aliyethubutu kuugusa kwa shoka. Waliogopa ungejibu.

Mama hakuuogopa. Alikuwa anaokota maua yake asubuhi na kuyaweka kwenye bakuli la maji juu ya meza yetu. Siku moja aliona miche midogo imeota pale tunda lilipopasuka, akachukua mmoja akautia katika kopo la maziwa ya unga, akauleta nyumbani. Ukakaa mlangoni wiki kadhaa bila neno lolote. Kukhu mwenyewe aliumwagilia mara moja moja.

Kasheshe ilianza pale mama alipochukua jembe.

"Mama Keji, weka hiyo chini," Kukhu alisema. "Ngoja mwanangu arudi apande yeye."

"Lakini mama, mimi iko na jembe tayari. Na hii miti inataka chini, mizizi yake imejaa kwa kopo."

"Mwanamke hapandi mti. Akipanda, anachimba kaburi la bwanake."

Mama alisimama. Alikuwa mtu wa heshima sana kwa mama mkwe, hakuwahi kumwangalia machoni akimjibu. Lakini siku ile alicheka. "Mama, kule kazini mimi napanda kila siku. Mia na mia. Sasa bwana yangu angekuwa ameisha zamani."

"Kwa kopo si kupanda," Kukhu akasema. "Kwa kopo ni kulea. Kupanda ni ardhini, katika boma la mume."

Ndiyo, alikuwa amelifikiria jambo hilo hadi mwisho. Mama alichimba, akapanda, na akaingia kupika. Mkataa la mkuu huona makuu, Kukhu akanung'unika, na hapo ndipo aliponivuta mkono na kunipa ile habari ya baba.

Baba alikuwa safarini. Alikuwa amekwenda Nimule kuchukua mzigo mpakani, na alipaswa kurudi Jumamosi. Jumamosi ikapita. Jumapili tukaenda kanisani, tukarudi, uani hakuna lori. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mvua ilikuwa imenyesha vibaya na watu walisema barabara imekatika. Wengine wakasema kuna lori limepinduka. Wengine wakasema mambo ambayo mama alinifukuza nisiyasikie. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kila jioni nilikuwa naenda kuuangalia ule mche. Ulikuwa na majani machache tu. Sikuelewa jinsi kitu kidogo hivyo kinavyoweza kufika hadi barabara ya Nimule na kumwangusha mtu mkubwa kama baba yangu.

Kukhu alitaka ung'olewe. Mama akakaa karibu nao na madumu yake ya kufulia, akifua nguo zilizokwisha kufuliwa, ili asiondoke. Hawakupigana. Hawakupaza sauti. Walikaa tu, mmoja mkekani na mwingine kwenye beseni, na mimi katikati nikiwa sijui niombe Mungu upande gani. Nikiomba mti ufe, nitamkosea mama. Nikiomba mti uishi, nitamwua baba mara ya pili.

Ndipo Kukhu akakumbuka dawa. Kule Kitale, alisema, mwanamke akikosea hivyo, anatafutwa mwanamume mzima, anaung'oa mti na kuupanda upya kwa mkono wake, na kosa linafutika. Nyumbani kwetu hakukuwa na mwanamume. Kwa hiyo akavaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda Jenena kumtafuta Mzee Wani, mlinzi wa bustani. Alikuwa Mbari kama sisi, rafiki wa mama, mpenda soga ambaye kila swali alilijibu kwa hadithi mbili zisizopatana.

Tulimkuta chini ya mikangazi akitengeneza toroli. Kukhu akamweleza yote kwa Kiswahili chake cha Kitale, taratibu, kama mtu anayeripoti polisi. Mzee Wani akakuna kichwa.

"Ya ukti," akasema kwa Kiarabu cha Juba, yaani dada yangu, "ana Bari, ita Bari. Mimi Mbari, wewe Mbari. Kalam de mafi. Hii maneno haiko kwetu. Mama yangu alipanda miti, bibi yangu alipanda miti."

"Na babako yuko wapi?"

"Alikufa."

"Umeona?"

"Alikufa mzee kabisa! Meno yote imeisha!"

Kukhu alikasirika. Hasira yake sijaisahau. "Wewe unanifundisha Ubari? Wewe uliyebaki hapa na Waarabu ukasahau kila kitu?"

"Na wewe uliyeenda Kenya?" Mzee Wani akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nilimtazama Kukhu usoni nikaona kitu ambacho watoto hawapendi kukiona kwa wazee wao: alikuwa hana uhakika. Alikuwa anatafuta kichwani, nadhani, ni nani aliyemwambia jambo lile kwa mara ya kwanza. Mama yake, kabla ya vita? Au jirani fulani pale Kitale, wakichambua mboga? Hakumpata.

Mzee Wani akamhurumia, akaongeza la kwake. Kwamba yeye haogopi mwanamke kupanda mti; anachoogopa ni Abu Dana kutoka nje ya bustani. Alisema tangu zamani wafanyakazi wanajua: mtu akivusha tunda lake nje ya ukuta, katika nyumba yake kuna mmoja atakayekosa njia ya kurudi. Sasa ninashuku hadithi hiyo ilitungwa kuwazuia watoto wasiibe matunda. Lakini wakati ule niliichukua nikaiweka juu ya ile ya Kukhu, na kichwa changu kikajaa. Je, baba amekufa, au amepotea? Na ni kwa kosa la mama kuwa mwanamke, au kosa la mti kuwa mti?

Mzee Wani hakuja kupanda. Alisema hawezi kutengua mwiko asioujua, angeweza kuukoroga zaidi. Nilipokua ndipo nilipoona lilikuwa jibu la busara. Siku ile nililia njia nzima.

Tulipofika nyumbani tulimkuta mgeni: dereva mmoja Mganda, mtu wa kwao mama, ambaye huwa anapita barabara ile ile. Alikuwa amesimama karibu na mlango, chai mkononi, hataki kukaa.

"Dada," alikuwa akimwambia mama, "bwana yako iko Nesitu. Gari iko, na yeye mwenyewe iko. Mzima." Akaangalia kikombe. "Mimi naona afadhali ujue."

Mimi niliruka kwa furaha. Mama alisema, "Asante, ndugu yangu." Basi. Hakuruka.

Nesitu si mbali, ni pale nje tu kwenye barabara ya Nimule, mahali malori yanaposimama na watu wanauza nyama choma, maji na chapati. Tulikwenda mchana huo huo, watatu. Lori la baba tulilitambua kutoka mbali, limeegeshwa pembeni, si katika safu ya malori mengine bali karibu na ua wa nyumba ya mabati. Ndani ya ua baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa fulana ya nyumbani na malapa. Mwanamke alikuwa akimmiminia chai. Gotini kwa baba kulikuwa na mtoto wa kiume, ndiyo kwanza anaanza kutembea, na paji lake la uso lilikuwa la Kukhu kabisa, pana na limetuna, kama la kwangu.

"Baba! Hujafa!" nikapiga kelele, nikamrukia.

"Mbona mmekuja huku?" alisema baba. "Si mngenipigia?"

"Simu yako imefungwa," mama alisema.

Yule mwanamke akapiga magoti kumsalimu Kukhu, kwa adabu, kama mtu aliyemngojea kwa muda mrefu. Kukhu hakumpa mkono. Alikuwa akimtazama mtoto. Kisha akageuka kwa mama, na hakusema kwa ushindi, alisema kwa uchovu: "Mama Keji, nilikwambia."

Na mama akakaa chini, pale pale kwenye vumbi la watu, akalia.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Siku zote zile baba alipokuwa amekufa, mama hakulia hata chozi moja. Sasa yuko hai, anakunywa chai, na mama analia kama msibani. Nilimvuta gauni. "Mama usilie, baba yuko hapa! Huyu hapa! Mwangalie!" Nilimshika uso nikautazamisha kwa baba ili amwone vizuri. Kila nilivyomwonyesha ndivyo alivyozidi kulia. Sijawahi kumsaidia mtu vibaya kama nilivyomsaidia mama siku ile.

Tulirudi Juba bila baba. Kwenye gari Kukhu alimshika mama mkono. Sikuwahi kuwaona wakishikana mikono kabla ya hapo.

Baba hakutuacha kwa siku moja. Alikuja, akaondoka, akaleta sukari, akaleta viatu vya shule, kisha akawa anatuma watu, kisha hakutuma. Wakati fulani alikuja kumchukua mama yake. Alisema kule Nesitu ana nyumba nzuri, na Kukhu ana mjukuu wa kiume. Kukhu alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Mwanangu mimi hakuwa mtu wa kulala nje," alisema. "Kama kweli ni wewe, basi mti umekubadilisha. Mimi sitakaa na mtu aliyebadilishwa."

Akabaki Mauna na mama hadi kifo chake. Walikula sahani moja. Na hadi kifo chake aliwaambia wote waliouliza kwamba mwanawe alichukuliwa na mti ambao mke wake aliupanda. Alisema hivyo mbele ya mama, akiwa anakula chakula cha mama, na mama hakumpinga. Kwa miaka mingi jambo hilo liliniudhi kupita kiasi. Yule mtoto wa Nesitu alikuwa tayari anatembea! Alikuwa duniani kabla mche haujatolewa bustanini! Niliwahi kumwambia Kukhu hivyo, nikiwa msichana mkubwa mwenye kujua hesabu. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Keji, ukizaa utaelewa," akaendelea na kazi zake.

Sasa nimezaa, na nadhani ninaelewa nusu. Mti ukiwa na hatia, mwana hana. Na mama naye, ambaye hakuamini, aliona afadhali mume aliyechukuliwa na mti kuliko mume aliyekwenda mwenyewe kwa miguu yake. Lakini nusu nyingine hainiingii. Ninafundisha shule, na mwalimu mwenzangu mmoja ni Mbukusu aliyekuja kutafuta kazi. Nilipomsimulia habari hii alicheka hadi akashika meza. "Hiyo ni yetu! Nyinyi mliitoa wapi?" Labda mila nayo hubebwa na watu wanaokimbia, ikafika mahali ikashika udongo, na baada ya muda hakuna anayekumbuka kwamba ilikuja. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, na leo mwambie mtu wa Juba kwamba si mti wa kwao, uone atakavyokutazama.

Jenena bado ipo, ingawa imepungua. Upande mmoja umeliwa na viwanja. Maharusi wanakwenda kupiga picha chini ya mikangazi, na mimi huwapeleka wanafunzi wangu wasome vibati vilivyobaki. Abu Dana angali pale ukutani, na maua yake bado yanatoka shinani. Huwa nawaambia watoto wanuse, na hakuna hata mmoja ambaye hajafumba macho anaponusa.

Mwaka jana mimi na mume wangu tulihamia New Site, kwenye kiwanja kitupu kisicho na hata kichaka. Mama akaja kutuona, na kichwani alikuwa amebeba mche wa mkangazi katika kopo. Nikafurahi, nikachukua jembe.

"Acha," mama akasema. "Ngoja mwanaume akuje."

Nilidhani anatania. "Mama, si wewe ndiye uliyekataa haya mambo?"

"Mimi nilikataa," akasema. "Na wewe uliona."

Akanywa chai, akaenda zake. Nikabaki peke yangu na jembe, na ardhi laini baada ya mvua, na mche ambao majani yake yalianza kulegea kwa jua. Mimi ni mwalimu. Hesabu ya yule mtoto wa Nesitu nimeipiga mara nyingi, na kila mara inatoa jibu lile lile. Nilikaa kivulini nikaungojea mchana wote upite, hadi mume wangu aliporudi kutoka kazini, amechoka, na akashangaa kunikuta nimekaa.

"Kwa nini hukuupanda tu mwenyewe?" akaniuliza.

Nikamwambia jembe lilikuwa zito. Akalichukua, akachimba, na mimi nikasimama mbali kidogo, mikono nyuma, nikihakikisha kwamba hata kwa bahati mbaya siugusi udongo ule. Sikuamini hata kidogo. Niliogopa tu.